Mazoezi ya kumbukumbu nayo ni tiba

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba wazazi wa siku hizi, mtoto akishika mkia darasani, hukimbia kumtafutia jina la ugonjwa badala ya kumkalisha chini asome. Niliisoma kibandani kwangu hapa soko la Kibuye, Kisumu, cherehani ikiwa imenyamaza kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Nikaikata nikaitia kwenye droo ya vifungo, na tangu siku hiyo kila nikivuta droo tunatazamana. Nimeona heri nijibu, maana miaka michache nyuma barua hiyo ningeiandika mimi, tena kwa ukali kuliko huyo ndugu.

Mimi ni fundi nguo. Nashona sare za shule, na Januari ndiyo mavuno yangu. Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Jina lake la shuleni naliacha, kwa kuwa siku hizi analisoma gazeti hili na wenzake pia wanalisoma. Nyumbani tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kwa vile alirithi jina la mamangu. Dani alizaliwa na selimundu, ambao mitaani wengi tunauita sikoseli.

Wasomaji wa huku ziwani hawahitaji kuelezwa sana. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, hujipinda mfano wa mundu, zikanasa kwenye mishipa midogo, na mahali zinaponasa damu haipiti. Mtu aliyerithi hitilafu hiyo upande mmoja tu, wa baba au wa mama, haugui, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imeenea sana kwetu na kule Pwani, penye mbu. Mimi na mamake Dani tunayo kila mmoja upande mmoja. Hatukujua hadi mtoto alipofika miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikamvimba kama ndizi ndogo.

Mambo ya mwili tulifundishwa, na nashukuru. Maji mengi. Asipigwe na baridi. Homa ikipanda usingoje asubuhi. Vidonge vya foliki, dawa ya kuzuia malaria, na baadaye vile vidonge vya haidroksiurea ambavyo kwa kweli vilipunguza maumivu. Kuhusu kichwa hakuna aliyefungua mdomo, nasi hatukuuliza. Ungejuaje kuuliza?

Dani alipokuwa Gredi ya Pili alianza kusahau. Vibanda vinne kutoka changu kuna mama anayeuza vifaa vya ushonaji, nami nilikuwa namtuma Dani kwake. “Niletee uzi wa buluu, zipu ya inchi saba na vifungo vyeupe sita.” Anarudi na uzi. Uzi wenyewe mweusi. Namrudisha, anakaa huko, nikichungulia namwona amesimama mbele ya yule mama, kidole mdomoni, akitazama zipu zilivyoning’inia. Ripoti ya shule ikaja imeandikwa kwamba anaota darasani na kwamba angeweza kufanya vizuri akijitahidi. Hesabu aliianza vizuri, akafika katikati, akaiacha kama mtu aliyeitwa na jirani.

Siku moja wakati wa sare, wateja wamenizunguka, alirudi mikono mitupu kabisa. Nikamchapa kiganjani kwa ile rula ya mbao ninayopimia. Hakulia. Aliniuliza tu, “Baba, ulisema nilete nini?” Nikasikia kiburi katika swali hilo.

Kisha ikaja Agosti 2022. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi na mji ulikuwa umetulia tuli. Asubuhi tukinywa chai kijiko kilimponyoka Dani mkono wa kulia. Akakiokota, kikamponyoka tena. Mamake alidhani anacheza, mpaka alipoona mdomo umevutika upande mmoja. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati yetu.

Kilikuwa kiharusi. Mtoto wa miaka tisa. Aliongezwa damu, na siku chache baadaye, baada ya kuchangishana na ndugu, alipigwa picha ya ubongo. Daktari alituita, akaiweka kwenye mwanga, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: “Hili hapa ni la juzi.” Kisha kalamu ikasogea mbele, upande wa paji la uso, penye madoa madogo kama chaki iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. “Haya mengine ni ya zamani. Huenda yana mwaka, huenda miwili.”

Ndugu msomaji, nilipiga hesabu palepale. Nilipokuwa namchapa kwa rula, madoa hayo huenda yalikuwa tayari mle ndani.

Madaktari huyaita viharusi vya kimya. Mkono haulegei, mdomo haupindi, mtoto hata haumwi kichwa. Sehemu ndogo ya ubongo inakosa damu, inakufa, na kesho yake anakwenda shule. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba kati ya watoto wanne wenye selimundu ya aina kali, karibu mmoja huwa na makovu hayo anapotimiza miaka sita, na kabla ya kuwa mtu mzima wanafikia karibu wanne katika kumi. Mengi hukaa sehemu ya mbele, inayomsaidia mtu kutulia kwenye jambo moja, kupanga lipi litangulia, na kushika maneno matatu kichwani huku anatembea vibanda vinne. Hilo la vibanda vinne nimeongeza mimi.

Tena kiharusi kile kikubwa, cha kijiko, mara nyingi kinaweza kuzuiwa. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti, kifaa kinawekwa tu pembeni mwa kichwa, hakuna sindano, kinapima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Tangu 1998 imejulikana kwamba mtoto wa namna hiyo akiongezwa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi inapungua kwa zaidi ya asilimia 90, na baadaye ikaonekana kwamba baadhi yao wanaweza kuhamishiwa haidroksiurea wakabaki salama. Kinapaswa kufanywa kila mwaka kuanzia miaka miwili. Dani hakuwahi kupimwa hata mara moja, na katika kliniki zote tulizohudhuria sikusikia kikitajwa. Yaliyopita si ndwele, lakini mzazi anayesoma hapa na ana mtoto wa selimundu, aulizie kipimo hicho katika kliniki ijayo.

Sasa nifike kwa lile lililonishikisha kalamu.

Baada ya kiharusi, mkono wa Dani ulipewa kadi ya kliniki. Kila Jumanne tulikwenda, akafinyanga udongo, akabana vibanio vya nguo, akafunga na kufungua vifungo. Kufikia Krismasi mkono ulikuwa umerudi, ingawa mwandiko wake hadi leo umeinama kama miwa baada ya mvua ya mawe. Tukaambiwa amepona. Kadi ikafungwa. Kichwa hakikupewa kadi.

Aliyekikumbuka ni mwanamke mmoja wa kitengo kile cha okupesheno, yaani cha kumrudishia mgonjwa uwezo wa kazi za kila siku, aliyemfanyia mazoezi ya mkono. Siku ya mwisho alimwambia Dani, “Chukua kikombe, kiweke dirishani, kisha uniletee ile kalamu nyekundu.” Dani alichukua kikombe akasimama nacho. Yule dada akanigeukia, akaniuliza kama nyumbani yako hivyo hivyo. Nikamwambia kuhusu uzi na zipu. Kuhusu rula sikumwambia. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu. “Basi una vifungo,” akasema.

Nitaeleza alichonifundisha, maana wengi wakisikia tiba ya ubongo wanadhani ni mashine. Unatandaza kitambaa mezani, unapanga vifungo vitatu vya rangi tofauti. Mtoto anavitazama, unahesabu hadi kumi, unafunika. Unaondoa kimoja chini ya kitambaa, unafunua. Kipi hakipo? Akipata mara nane katika kumi, unaongeza cha nne. Akianza kukosa, unarudi vitatu bila kununa. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo: zoezi lisiwe rahisi hadi mtoto asinzie, wala gumu hadi akate tamaa, liwe daima hatua moja tu mbele yake. Baadaye ni kuvitaja kwa mpangilio, kisha kwa kurudi nyuma, kisha kuvitaja huku anapiga makofi. Dakika ishirini, siku tano kwa wiki. Akiwa na maumivu au akichoka, mnaacha. Sisi tulianza na vitatu mwezi wa Januari. Mwezi wa Mei alifika sita, akaruka juu, akagonga taa.

Hiyo ni nusu moja, ya kuunoa ubongo wenyewe. Nusu ya pili ni kumpa mtoto njia ya kuzunguka pale palipoziba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyotufaa zaidi. Unapomtuma, arudie ulichosema kwa sauti, akikunja kidole kwa kila kitu. Agizo refu unalikata vipande. La kesho linaandikwa leo. Kwa ajili ya asubuhi nilimshonea ukanda wa kitambaa cha jinzi wenye mifuko saba, nikautundika kando ya mlango. Kila mfuko una kadi yenye mchoro: mswaki, dawa, chupa ya maji, daftari, sweta, na kadhalika. Akimaliza jambo anaigeuza kadi yake. Dawa hajaisahau tangu hapo, na sisi hatupigi tena kelele saa kumi na mbili alfajiri. Wateja wakiuona wanadhani ni pambo, na wawili wameniagiza.

Mwalimu wake wa Gredi ya Nne, Mungu ambariki, alikubali bila kuombwa mara mbili. Alimketisha mbele, mbali na dirisha. Alimpa agizo moja baada ya jingine. Alimruhusu kunywa maji na kwenda msalani bila kuinua mkono, kwa sababu figo za watoto hawa hazihifadhi maji vizuri. Alimpunguzia maswali ya hesabu kutoka kumi hadi sita, akasema anataka kuona kama anaelewa, si kama anaweza kukimbia.

Sitaki kumdanganya mtu. Dani hajawa wa kwanza. Muhula uliopita alikuwa wa thelathini na moja kati ya hamsini na wawili, na hesabu za mafungu bado ni kilima. Wala si kila usahaulifu wake unatoka kwenye makovu. Damu yake ni chache, na mtu mwenye upungufu wa damu huchoka hata akikaa. Tena muhula mmoja alikosa shule siku ishirini na tatu, na hakuna vifungo vinavyoweza kumrudishia masomo ya siku hizo. Kilichobadilika ni kwamba anaanza jambo na kulimaliza. Anasoma ukurasa mzima na kunisimulia.

Yule dada alinionyesha pia kwamba jambo hili limechunguzwa karibu nasi. Kule Kampala, Paul Bangirana wa Makerere na wenzake walichukua watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili walionusurika malaria kali, wakawapa vikao kumi na sita vya michezo ya kompyuta ya kunoa fikra kwa wiki nane, wakawalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2011. Waliopewa walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya kujifunza, ila katika kusoma na hesabu za darasani tofauti haikuonekana. Uganda hiyohiyo wamejaribu mazoezi ya namna hiyo kwa watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na Marekani kwa watoto wa selimundu na kwa walionusurika saratani, ambao dawa kali na mionzi ya kichwani huwaachia uzito wa kufikiri. Picha inafanana: anachofanyishwa mtoto ndicho anachokimudu, na kukivusha hadi darasani kunahitaji mtu wa kumshika mkono. Ndiyo maana naona kompyuta bila mwalimu ni sindano bila uzi. Mimi mwenyewe nilishawishiwa na binamu yangu nikamwekea Dani mchezo kwenye simu, ule unaojitangaza kuongeza akili. Baada ya mwezi alikuwa bingwa wa mchezo huo, bando langu lilikuwa limekwisha, na zipu bado aliisahau.

Huko Uganda pia waligundua, katika utafiti wa 2008, kwamba miaka miwili baada ya malaria ya kichwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu katika kufikiri. Tafadhali soma sentensi hiyo ukiwa umekaa Kisumu, Siaya au Busia. Ni watoto wangapi hapa wamewahi kutoka wodini wakishangiliwa kwamba wamepona malaria ya kichwa? Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama kutoka upande wa Bondo, ambaye mwanawe alizimia siku mbili kwa malaria akiwa na miaka minne. Sasa ana minane na shule imemrudisha darasa mara mbili. Aliniambia, “Huyu alipona, ila hakurudi mwenyewe.” Kando yake alikuwa mwingine mwenye mtoto wa kifafa. Sote watatu, magonjwa tofauti, tulikuwa na ripoti za shule zenye maneno yale yale.

Lawama zangu sizielekezi kwa walimu. Mwalimu mwenye watoto hamsini na wawili hana njia ya kuona kovu lililo ndani ya fuvu. Kliniki nayo inaona damu, haioni daftari. Afya imekuwa chini ya kaunti tangu 2013, shule za msingi ziko chini ya serikali kuu, na mtoto mgonjwa anayesahau anaanguka katikati, pale ambapo mshono haukufika. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tunavyo nchini tangu 1984. Nilimpeleka Dani kwenye kimoja. Aliulizwa kama anaona, kama anasikia, kama anatembea. Anaona, anasikia na anatembea. Tukarudi nyumbani. Mwaka huu yuko Gredi ya Sita, na mtihani unamngoja. Watahiniwa wenye mahitaji maalum hupewa muda wa ziada katika mitihani ya kitaifa, lakini mtoto ambaye hakuna karatasi inayosema ana hitaji lolote, huo muda ataombewa na nani?

Kwa hiyo ninaloomba ni dogo. Mtoto yeyote mwenye selimundu, kifafa, virusi vya Ukimwi, saratani au aliyelazwa kwa malaria ya kichwa, kliniki yake iulizie shule angalau mara moja kwa mwaka: anakumbuka? Anamaliza kazi? Amebadilika? Swali hilo halihitaji mashine. Jibu likitia wasiwasi, apimwe uwezo wa kufikiri kama anavyopimwa damu, matokeo yaandikwe mahali ambapo mwalimu atayaona, na bima ihesabu kikao cha kumbukumbu kama inavyohesabu cha mkono. Mimi vya mkono nililipiwa. Vya kichwa, kila nilipotaka yule dada amtazame tena Dani na kuniongezea mazoezi, nilitoa mia tano, nauli mia mbili, na siku moja ya kazi. Naweza, kwa shida. Yule mama wa Bondo hawezi.

Nawe ndugu uliyeandika barua ile, sikukasirikii. Watoto wavivu wapo. Ninao wawili wengine nyumbani na mmoja wao ni mvivu wa kutunukiwa nishani. Ila huyo ukimtuma vitu vitatu na ukimwahidi mandazi analeta vyote vitatu. Dani nilimwahidi mandazi mara nyingi. Alikuwa anakumbuka mandazi tu.

Wanaotaka kuona mchezo wa vifungo waje Kibuye. Jumapili soko hujaa hamtaniona, na Januari nisamehewe. Jumatatu mchana ndiyo nafasi. Ripoti ya shule muiache nyumbani, mje na mtoto mwenyewe, na aje ameshiba. Meza ni ndogo lakini vifungo vya rangi ninavyo mkebe mzima, na Dani akitoka shule ndiye anayefundisha.

Baba Dani,
Fundi nguo, Soko la Kibuye, Kisumu